Msichana Anapenda na Haadhibiwi: Riwaya Tatu Zilizosomwa Majengo

Kwa miezi saba sasa riwaya tatu kutoka Marekani zimekuwa zikipita mkono hadi mkono baina ya vijana wanaokuja kusoma kila Jumamosi katika chumba kimoja cha ghorofani huko Majengo, Mombasa, na mimi ndiye ninayeshika daftari la wanaoazima. Zote tatu ni hadithi za mapenzi, na katika zote tatu kisa kinabebwa na vijana Weusi wa umri wa shule. Ya kwanza ni The Sun Is Also a Star ya Nicola Yoon, iliyotoka mwaka 2016. Ya pili ni Opposite of Always ya Justin A. Reynolds, ya mwaka 2019. Na ya tatu ni Blackout, ya mwaka 2021, iliyoandikwa na wanawake sita kwa pamoja. Nimezisoma zote, moja nimeirudia, na nimeyasikiliza kwa makini yanayosemwa juu yake na wale hasa walioandikiwa. Ninaandika kwa ajili ya mzazi, mwalimu au kijana wa hapa kwetu anayetaka kujua kama zinastahili fedha zake, kwa sababu fedha zenyewe si kidogo.

Ninafundisha Kiswahili, na ninajua vizuri mapenzi ya msichana huishia wapi katika riwaya tulizolelewa nazo. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, binti aliyefungiwa na baba mkali anapopata uhuru anaporomoka hadi kujiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maimuna anatoroka nyumba ya Bwana Maksuudi na kuangukia danguroni. Hizi ni kazi kubwa, na siziondolei hata chembe ya heshima. Zilitaka kumshtaki baba na jamii, wala hazikukusudia kumtisha binti. Hata hivyo, binti wa miaka 16 anayezisoma ili ajibu maswali ya mtihani hutoka na somo lake mwenyewe, nalo ni kwamba msichana akipenda, atalipa. Jambo hili hunishangaza zaidi ninapokumbuka kwamba pwani hii haijawahi kuona haya kuyataja mapenzi. Muyaka bin Haji aliyatungia mashairi hapa hapa Mvita katika karne ya 19, na hakuna harusi ya Mji wa Kale isiyokuwa na taarabu ya kuyasifu. Katika ushairi tunayasifu mapenzi, lakini tukishika riwaya tunayahukumu, na anayehukumiwa huwa ni msichana.

Msichana asiyeadhibiwa vijana wetu wamekuwa wakimkuta kwingine, katika riwaya za mitumba zinazopangwa chini kando ya barabara, na huko huwa ana nywele za dhahabu na macho ya buluu. Pengo hilo si letu peke yetu. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kuhesabu mwaka 1985, kati ya vitabu vya watoto na vijana vipatavyo 2,500 vilivyochapishwa Marekani mwaka huo, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu Weusi vilikuwa 18 tu. Dhonielle Clayton, mmoja wa waandishi wa Blackout, ameeleza kwamba wazo la kitabu hicho lilitokana na mpwa wake aliyemuuliza kwa nini wasichana Weusi hawapewi hadithi kubwa za mapenzi. Swali hilo ndilo nililolichukua kuwa mizani yangu. Sikuuliza tu kama msichana Mweusi yumo ndani ya kitabu. Niliuliza kama anapenda bila ya kuadhibiwa, na kama mapenzi hayo yanamwacha awe mtu kamili mwenye mambo yake mengine ya kushughulikia.

The Sun Is Also a Star ndiyo inayoshinda kwa mizani hiyo, na nitakaa nayo zaidi. Natasha Kingsley ni binti wa miaka 17 aliyezaliwa Jamaika na kukulia New York bila ya vibali, na usiku wa siku hiyo moja ambayo riwaya inaisimulia, yeye na jamaa zake wanarudishwa kwa nguvu nchi ambayo haikumbuki vizuri. Asubuhi anatoka nyumbani kwenda kuhangaikia karatasi, ofisi hadi ofisi, na njiani anakutana na Daniel Bae, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, aliye safarini kwenda kwenye mahojiano ya kuingia chuo kikuu ambayo wazazi wake wanayataka kuliko yeye anavyoyataka. Daniel ni mtu wa mashairi, na Natasha ni mtu wa sayansi asiyekubali lolote lisilopimika. Daniel anamwambia kwamba mapenzi yanaweza kuthibitishwa kama jaribio la maabara, na kuanzia hapo wanaulizana maswali ambayo mwanasaikolojia Arthur Aron aliyatunga ili kuchunguza jinsi watu wawili wasiojuana wanavyoweza kukaribiana.

Kilichonifanya niirudie ni kwamba Natasha hasahau hata mara moja kilichomtoa nyumbani. Anacheka, anakasirika, anamtazama Daniel machoni, kisha anatazama saa kwa sababu ana miadi na wakili. Mapenzi yanaingia katika siku yake bila ya kuifuta. Vijana wa Majengo waliliona hilo kabla yangu. Mmoja wao, mvulana aliyemaliza kidato cha nne, alisema kwamba sehemu ya ofisini aliisoma mara tatu, kwa kuwa yeye naye alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa arudi na cheti cha kuzaliwa cha babu yake, na babu huyo alizaliwa Mji wa Kale wakati ambapo mkunga wa mtaa hakuandika chochote. Vijana wengi wa jamii za Waswahili, Waarabu na Wasomali katika pwani hii wanayajua maswali hayo ya ziada. Kwao, Natasha anayesimama mbele ya dirisha la afisa akiwa ameshika bahasha si mgeni hata kidogo, na kwamba mtu wa namna hiyo anaweza pia kupendwa siku hiyo hiyo ni habari iliyowagusa kuliko nilivyotarajia.

Sehemu nyingine iliyozungumzwa kwa saa nzima ni ya nywele. Wazazi wa Daniel wana duka Harlem linalouza bidhaa za nywele kwa watu Weusi, na Natasha mwenyewe ana nywele za asili zilizosimama kama taji. Yoon anakatiza hadithi kwa sura fupi za historia, moja kuhusu nywele za watu Weusi wa Marekani na nyingine kuhusu namna Wakorea walivyoingia katika biashara ya wigi, na kurasa hizo chache zina maarifa ambayo msomaji hayapati katika riwaya ya kawaida ya mapenzi. Wasichana waliokuwapo siku hiyo walianza kuhesabu nani alitiwa dawa nywele akiwa na umri gani, nani alikaa chini siku nzima kwa msusi akivutwa kichwa, na kwa nini mama zao waliona hapana budi. Kitabu kilikuwa wazi juu ya jamvi, na hakuna aliyekitazama kwa muda, kwa maana kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake.

Kasoro zinazokisumbua kitabu hiki ni mbili, nami sizifichi. Watu wanakutana kwa bahati mara nyingi mno kwa siku moja katika mji mkubwa kama huo, na ingawa mwandishi anajaribu kuzigeuza bahati hizo ziwe ndiyo mada yenyewe, kuna mahali nilipouona mkono wake ukizisukuma. Tena Charlie, kaka wa Daniel, amechorwa kwa ubaya mtupu, na mtu mbaya asiye na hata upande mmoja wa kueleweka humpunguzia nguvu aliye kinyume chake. Pamoja na hayo, Kiingereza chake ni chepesi, sura ni fupi fupi, na hata kijana anayesoma polepole hakati tamaa.

Opposite of Always imeniacha na moyo uliogawanyika. Jack Ellison King anakutana na Kate kwenye ngazi katika sherehe ya wanafunzi wa chuo, wanapendana, na baada ya miezi michache Kate anafariki dunia. Papo hapo Jack anajikuta amerudi kwenye ngazi zile zile, usiku ule ule, akiwa na nafasi ya kuanza tena. Ugonjwa wa Kate ni selimundu, ambao watu wengi huuita sikoseli. Nilipoutaja siku ya kukitambulisha kitabu, chumba kilinyamaza. Pwani ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye ugonjwa huu kwa wingi, pamoja na maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria, kwa sababu ni nchi za malaria: anayerithi jeni ya ugonjwa huu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imedumu katika damu zetu, bali anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Wazazi wawili wenye jeni hiyo, kila mimba wanayoipata ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Katika chumba kile kuna familia zinazoyajua hayo kwa kukesha hospitalini.

Msichana mmoja mwenye kaka anayeugua alikiazima kwa wiki tatu, na jioni akawa anamsomea nyanya yake, akifasiri sentensi kwa sentensi huku bibi huyo akichambua mchele. Alinisimulia kwamba walipofika katikati, nyanya alisimamisha mkono juu ya ungo akamuuliza, "Na huyo binti mwenyewe asemaje, mjukuu wangu? Mbona kila saa ni mvulana ndiye anenaye?" Sijasoma uhakiki wa kitabu hiki ulioligusa jambo hilo kwa usahihi zaidi. Riwaya nzima inasimuliwa na Jack. Tunajua hofu yake, haraka yake, mipango yake ya kumwokoa Kate na namna anavyowasahau rafiki zake wawili, Franny na Jillian, ambao wamechorwa vizuri sana. Lakini maumivu ya Kate, yale maumivu ya mifupa ambayo kaka wa msichana wetu huyalilia kwa sauti inayosikika hadi kwa jirani, tunayaona kwa mbali, kupitia macho ya mtu aliyeketi kando ya kitanda. Nilitamani sura moja tu ya Kate akiwa peke yake.

Hata hivyo siwezi kuwashauri watu wakiache. Jack ni mvulana Mweusi mpole, mwenye wazazi wanaopendana na kutaniana mezani, asiyebeba bunduki, na wavulana wetu, ambao katika filamu wamezoea kumwona mtu wa rangi yao akifa katika dakika ya ishirini, walimpenda waziwazi. Wawili walikiri kwamba walilia. Pia kitabu kimewafanya vijana watatu waulize wapi wanaweza kupima damu ili wajue kama wamebeba jeni ya selimundu, na mwalimu gani atakidharau kitabu kilichozaa swali kama hilo?

Blackout ndiyo yenye furaha kuliko zote. Stima inapotea New York usiku wa joto kali, na vijana kadhaa waliotawanyika katika mji wote wanajaribu kufika kwenye sherehe ya mtaa huko Brooklyn. Waandishi ni Dhonielle Clayton, Tiffany D. Jackson, Nic Stone, Angie Thomas, Ashley Woodfolk na Nicola Yoon, na kila mmoja ana hadithi yake, ila ya Jackson imekatwa vipande na kusambazwa kitabu kizima ili iwe uzi wa kuzishona nyingine. Ndani yake Tammi na Kareem, waliokuwa wapenzi na sasa hawataki hata kutazamana, wanalazimika kutembea pamoja kutoka Harlem hadi Brooklyn kwa kuwa treni zimesimama. Nilipowaeleza vijana kwamba ni kama kutoka Mtwapa hadi Likoni kwa miguu, wakashusha pumzi, na kuanzia hapo wakaelewa kwa nini watu hawa wawili hawana budi kuzungumza.

Mkazi wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa kitabu hiki. Tunaojua usiku wa kaskazi stima inapokatika, feni inaposimama na jasho likaanza, tunajua pia kwamba ndipo majirani wanapotoka barazani, mkeka unatandikwa, na mtu ambaye hamjasemezana tangu Idi anakukaribisha kahawa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani, kijana mmoja wa kundi letu alikuwa feri, na anasema hajapata kuona nyota nyingi namna ile juu ya Likoni. Aliposoma Blackout alisema kuwa walioandika wamekosea jambo moja tu, nalo ni kwamba hakuna aliyeuza mahamri. New York yenyewe ilipatwa na giza kubwa Agosti 2003, pamoja na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada, kwa hivyo giza la kitabuni lina mizizi katika jambo lililowahi kuwapata.

Hadithi sita haziwezi kulingana. Ile ya Tammi na Kareem ni ya daraja la kwanza. Ile ya Angie Thomas, ambamo msichana aliye ndani ya basi la watalii amezingirwa na wavulana wawili na anajiuliza kama kweli analazimika kumchagua mmoja, ndiyo iliyozusha mjadala mkali, na wasichana walishangilia jinsi alivyolijibu swali hilo. Ile ya maktaba, iliyoandikwa na Clayton, ni nzuri lakini inajipamba kupita kiasi. Mzazi anapaswa kujua kwamba hadithi mbili kati ya sita zinahusu vijana wa jinsia moja wanaopendana. Ninalisema mapema kwa sababu anayenunua kwa ajili ya mtoto wake ana haki ya kujua anachonunua, akaamua mwenyewe.

Kwa upande wa umri, The Sun Is Also a Star naiazimisha kuanzia kidato cha pili bila ya wasiwasi. Yaliyomo ni mabusu na mazungumzo. Opposite of Always ina sherehe za pombe na maneno makali hapa na pale, kwa hivyo mimi huanzia kidato cha tatu, na Blackout vivyo hivyo. Hakuna kati ya hizo tatu inayosimulia mambo ya chumbani kwa namna ambayo mwalimu angeona haya kuisoma kwa sauti.

Bei ndiyo inayouma. The Sun Is Also a Star nilinunua kwa shilingi 1,450, Blackout kwa shilingi 1,790, na Opposite of Always niliipata mitumba kwa 300 ikiwa na jina la mwenyewe wa zamani ndani ya jalada. Tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, na mzigo huo wote humwangukia mzazi ambaye tayari amenunua vitabu vya kiada. Sishangai kwamba nakala za kudurufu zimejaa mjini, lakini nawasihi watu waziangalie kabla ya kulipa. Nakala yetu ya kwanza ya Yoon niliinunua katika duka moja la katikati ya mji kwa shilingi 600, jalada likiwa zuri na liking'aa, na wiki ya pili msomaji akanirudishia akisema kwamba hadithi imeruka. Nilipofungua niliona kutoka ukurasa wa 144 tunaingia 177. Kurasa 32, mkunjo mzima wa karatasi, haukuwahi kutiwa. Gundi ya mgongoni nayo ilikuwa imeanza kupukutika kama unga. Duka halikukubali kurudisha fedha. Kwa hivyo fungua kitabu hapo hapo dukani, pitisha kidole kwenye namba za kurasa, na vuta kidogo mgongo wake uone kama umeshonwa au umepakwa gundi tu.

Kukosekana kwa tafsiri ya Kiswahili ndilo jambo linalonihuzunisha zaidi ya bei. Kati ya vijana 23 walio katika daftari langu, ninakadiria wanane wanasoma Kiingereza kwa shida kiasi kwamba raha inawapotea, na hao wanane hutegemea mwenzao awasimulie. Wachapishaji wetu wana watafsiri hodari na wana soko la shule. Hadithi ya siku moja, sura fupi, watu wawili wakuu, haingewashinda. Na wala sisemi kwamba tafsiri itoshe. Kuna binti wa Kisauni na kijana wa Mikindani ambao bado hawajaandikwa na mtu yeyote, wakipanda matatu moja kila asubuhi hadi Buxton.

Ile nakala yenye pengo sikuitupa. Msichana wa kidato cha tatu aliyegundua kasoro yake hakutaka kungoja nyingine inunuliwe, akachukua daftari lake la hesabu, akaandika mwenyewe kwa Kiswahili yale aliyodhani yametokea baina ya ukurasa wa 144 na 177, karatasi 11 za miraba, mbele na nyuma, kwa kalamu ya buluu iliyoisha njiani ikafuatwa na nyeusi. Katika karatasi hizo Natasha na Daniel wanajikuta kwenye feri saa kumi na mbili jioni, wamebanwa baina ya mkokoteni wa nazi na wanawake wenye vikapu, na Daniel anamwuliza ataikumbuka vipi siku hiyo. Natasha hamjibu upesi; kwanza anafunga vizuri leso iliyokuwa ikipeperushwa na upepo, kisha anahesabu dakika zilizobaki kabla ya kufika ng'ambo. Karatasi zile nimezichomeka mahali pake na kuzifunga kwa uzi. Nakala nzima iliyonunuliwa baadaye ipo rafuni haina dosari, lakini daftari linaonyesha kwamba walioazima mara tisa za mwisho wote waliomba ile yenye karatasi za miraba.